Damu ya Mkwe

Mama yangu aliingia hospitali ya Beni akiwa na tifoide, akatoka akiwa na damu ya mume wangu. Tifoide watu wote waliielewa. Hilo la pili liliisumbua familia yetu kuliko vita, na vita wakati ule havikuwa mbali.

Kwetu, katika familia za zamani za Butembo, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anakwepa. Ni heshima, si chuki, ingawa mgeni akitazama kutoka nje hataona tofauti. Mume wangu alikuwa mgeni wa kweli. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa, serikali ilimtuma kutoka Kasai, kisha vita vikaikata nchi vipande akabaki upande wetu, bila mshahara na bila njia ya kurudi. Kiswahili chake kilijaa Lingala. Mama aliikubali ndoa yetu kwa sababu padri alikwisha kuifunga. Tangu siku ya harusi hakuwa amemtazama mkwe wake usoni, na nadhani desturi ilimpa sababu nzuri ya kutozungumza na mtu ambaye hakumtaka. Mimi niliyaona hayo na nikanyamaza. Nilikuwa na cherehani, nilikuwa na mume, na Butembo ilikuwa mbali kidogo.

Mama alizoea kushuka Beni kununua mafuta ya mawese, maana kule juu kwao baridi hairuhusu michikichi kuzaa. Hakulala kwangu katika mtaa wa Bungulu, pale pale Beni, hata siku moja. Alifikia kwa binamu yake, mtaa wa Mulekera. Huko ndiko homa ilikomkuta. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuwa naye katika biashara hiyo, naye ndiye aliyemleta hospitali kwa pikipiki, mama katikati, yeye nyuma amemkumbatia ili asianguke. Kwa kuwa baba alikuwa amekufa, shangazi ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Sauti ya kazi hiyo hakuikosa.

Daktari alisema ni tifoide na imechelewa. Mama alikuwa anatapika kila kitu, kwa hiyo dawa ilibidi ipite kwenye mshipa. Waliyokuwa nayo ni kloramfenikoli, ambayo wauguzi waliiita chloram kama vile mtu anavyomwita rafiki. Nyingine nzuri zaidi zilikuwepo duniani, lakini hazikuwepo Beni. Muuguzi alitundika chupa ya serumu, akachoma sindano ya dawa ndani ya chupa ile, na vyote vikashuka polepole kuelekea mkononi mwa mama.

Kwetu hakuna anayesema serumu. Tunasema maji. Mgonjwa akitundikiwa chupa, habari inayofika nyumbani ni kwamba bamemuwekea maji. Naeleza hili kwa sababu neno hilo moja lilitupotezea siku nyingi.

Homa ilishuka, tukafurahi. Ikarudi. Daktari akarefusha dawa ile ile, kisha akairefusha tena. Siwezi kumlaumu, na hata nikimlaumu haitasaidia. Alikuwa peke yake, majeruhi waliletwa kutoka njia ya kaskazini karibu kila siku, na kabati la dawa lilikuwa na kile kilichokuwamo. Homa hatimaye ilitii. Mama aliacha kutapika, akaomba uji. Lakini badala ya kupata nguvu, alianza kuwa mweupe.

Shangazi aliona kabla yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwogesha. Viganja vya mama vilikuwa vimepoteza rangi. Fizi ziliacha damu kwenye kitambaa kila alipopangusa meno. Mahali tulipomshika ili kumgeuza palibaki alama nyeusi, hata kama tulimshika kama yai.

"Angalia hii mikono," shangazi aliniambia, kwa Kiswahili chetu cha huku, ambamo njo ni ndiyo na mais ni lakini. "Njo ile maji. Kila siku beko namuwekea maji, kila siku maji. Mais damu hapana. Chai ukiongeza maji, ukiongeza tena, utaiita chai?"

Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne cha sekondari, na lazima niseme kwamba ile hoja ya chai niliiona ina akili. Nilimtazama mama, nikaitazama chupa, nikaona kitu kisicho na rangi kinaingia na mtu anapoteza rangi. Nani asingeunganisha?

Shangazi alimwendea muuguzi na kumwambia wamtolee mama maji. Muuguzi alikuwa kijana mwenye adabu na aliyechoka, na nadhani alipiga hesabu ya haraka kati ya kubishana na shangazi na kumpa anachotaka. "Sawa, mama," alisema. "Kama anaweza kunywa, tutatoa maji." Akaishusha chupa. Dawa akaivuta kwenye bomba la sindano na kuisukuma moja kwa moja mshipani, polepole, kwa sindano ile ile iliyokuwa imebaki mkononi. Shangazi alisimama pembeni akiangalia. Bomba lilikuwa dogo. Maji hayakuwepo tena. Aliridhika kabisa.

"Sasa mutaona," alisema.

Tuliona. Kwa siku kadhaa tulifukuza mgeni na kumwacha mwizi ndani ya nyumba. Asubuhi na jioni chloram iliingia, mara nyingine shangazi mwenyewe akimshikilia mama mkono ili asitikisike. Na mama akazidi kuwa mweupe, hadi midomo.

Asubuhi moja damu ilianza kumtoka puani na ikakataa kukatika. Tulibadilisha vitambaa hadi tukaanza kutumia vipande vya kitenge nilivyokuwa navyo kwenye mfuko wa kazi. Daktari aliitwa kutoka chumba cha upasuaji. Alimvuta mama kope ya chini, akatazama fizi, akatazama zile alama mikononi, akauliza anapewa chloram tangu lini. Muuguzi alipojibu, daktari alimtaka ahesabu siku tena. Aliagiza maabara wachukue damu, na majibu yalipokuja aliketi ukingoni mwa kitanda. Sikuwahi kuona daktari akiketi mle ndani.

"Hii dawa inaua mikrobe," alituambia. "Mais mara ingine inagusa na usine, kiwanda ya damu. Usine iko ndani ya mifupa. Ya mama imesimama. Haitengeneze tena ile damu nyekundu, haitengeneze ile yenye kupigana na ugonjwa, haitengeneze ile yenye kufunga kidonda."

"Donc, basi, haikuwa maji," nilisema.

"Maji haina kosa."

Shangazi alitazama dirishani. Hakuwa mtu wa kukubali hivi hivi kwamba chupa ilisingiziwa.

Daktari aliikata chloram saa ile ile na kuandika dawa nyingine, ambayo tuliipata kwa bidii katika duka moja la dawa mjini. Akasema kuna mambo mawili. Usine ikiachwa kupumzika huweza kufunguka tena yenyewe. Kwa wengine hufunguka, kwa wengine haifunguki kamwe, na yeye hakuwa na namna ya kujua mama ni wa upande upi. Lakini kabla ya hapo mama alihitaji damu ya mtu mwingine, na aliihitaji siku hiyo hiyo. Kwa jinsi alivyokuwa, kesho ilikuwa mbali.

Walinipima mimi. Haikulingana, damu yangu niliirithi kwa baba. Shangazi alipimwa pia, kwa ujasiri, nasema hivyo kwa haki, lakini yeye alikuwa upande wa baba vilevile, na juu ya hapo alikuwa na presha. Walibaki kaka zangu wawili, na wote walikuwa Butembo. Nilikimbilia kwenye foni ya mfanyabiashara mmoja, ile redio ya kuitana mji kwa mji, iliyokuwa na foleni ya watu mlangoni kila siku. Kwenye foni hakuna siri. Mwendeshaji anapiga kelele, anarudia, na foleni nzima inasikia. Alipiga kelele kwamba mama yetu damu yake imekwisha na watoto waje wamuongezee. Watu kwenye foleni wakanisikitikia kwa sauti. Jibu lilirudi likiwa limejaa mikwaruzo: barabara imefungwa tangu jana, watu wanapigana, magari yote yamerudishwa, watakuja ikifunguliwa.

Niliporudi, mume wangu alikuwa barazani na kapu la chakula. Kila siku alileta chakula, na kila siku aliishia barazani, kwa sababu ndani alikuwa amelala mama mkwe wake, tena amelala kitandani, jambo ambalo mkwe hapaswi kuliona. Daktari alipita, akamwona.

"Na huyu? Bamemupima?"

Alipimwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumzuia daktari katikati ya mwendo. Damu yake ilikuwa ya kundi moja na ya mama, na ilikuwa safi.

Hapo shangazi alisimama. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Haiwezekane," alisema. "Huyu ni mukwe. Damu yake ikiingia ndani ya mama yako, yeye amekuwa mutoto ya mama yako. Na weye ni mutoto ya mama yako. Sasa muko nini, weye na yeye? Muko kaka na dada. Utalala na kaka yako?"

Daktari alijaribu kumweleza. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akasema kwamba yeye daktari anajua mambo ya usine, lakini mambo ya ukoo hayamo katika masomo yake. Daktari alisema ana mgonjwa mwingine mezani, na akirudi anataka jibu.

Sikuwa mjinga kiasi cha kuamini kwamba mume wangu angegeuka kuwa kaka yangu kwa mfuko mmoja wa damu. Lakini pia sikuwa mgeni katika familia yangu. Niliijua ile sauti ya chini ya shangazi. Nikikubali, ukoo mzima hadi Lubero utasema sina mume, na watoto nitakaowazaa watatafutiwa jina baya. Nikikataa, mama atakufa, na nitakuwa nimemuua kwa ajili ya kitanda changu. Nilimwogopa shangazi maisha yangu yote. Asubuhi ile nilimchukia.

Nilitoka nje hadi barazani, nikamwambia mume wangu maneno yote kama yalivyosemwa. Alifikiri.

"Donc nitakuwa ndeko na yo," alisema. Ndeko na yo ni ndugu yako, kwa Lingala.

"Njo banasema hivyo."

"Na mama ataishi?"

"Labda."

Alianza kukunja mkono wa shati. Nilimpenda sana wakati ule, na sikumwambia, kwa kuwa shangazi alikuwa amesimama mlangoni.

Mfuko ulitundikwa pale pale ilipokuwa chupa ya maji. Shangazi aligeuza kiti chake kikaelekea ukuta. Mimi nilitazama midomo ya mama hadi macho yakauma, na kabla mfuko haujakwisha niliona rangi, kidogo tu, kama mtu aliyekula nyanya asipanguse vizuri. Damu ya puani ilikatika mchana huo. Jioni mama alifumbua macho na kuuliza kama mafuta yake ya mawese yamehifadhiwa.

Shangazi alimpa habari mara tu alipoweza kuisikia. Mama alivuta kitenge akajifunika uso, akakaa hivyo siku nzima, nami nikajiambia kwamba pengine nimemwokoa ili afe kwa aibu. Kesho yake alijifunua.

"Yuko nje?" aliuliza.

"Yuko barazani."

"Mwambie aingie."

Mume wangu aliingia hatua mbili, macho kwenye sakafu, mikono nyuma kama mwanafunzi wake mwenyewe. Mama alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alimtazama kwa muda mrefu, bila haraka, kama anayekagua kitambaa kabla ya kununua.

"Mutoto," alisema, "ulikula?"

"Ndiyo, mama."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza tangu tufunge ndoa.

Barabara ilipofunguliwa kaka yangu mmoja alifika, akatoa mfuko wa pili. Damu hiyo haikuleta matatizo yoyote. Baadaye mtu wa maabara aliona kwenye hadubini chembe changa, mpya, za mama mwenyewe, na daktari akatuambia usine imeanza kufunguka. Alisema hivyo akitembea, nami nililia katikati ya korido nikiwa nimeshika ndoo.

Mama hakuwa na nguvu za kusafiri, kwa hiyo alikuja nyumbani kwangu Bungulu, jambo ambalo kabla ya hapo lisingewezekana. Lakini sasa nyumba ilikuwa ya mtoto wake, tena ya watoto wake wawili. Shangazi alikuja pia. Hakuja kumuuguza mama tu, alikuja kutulinda. Aliamua kwamba hadi wazee wakae Butembo na kulikata jambo hili, mimi nitalala na mama chumbani, yeye atatandika mkeka mlangoni, na mume wangu atalala kwenye benchi la sebuleni. Wazee hawakuweza kukaa, kwa sababu barabara ilifungwa tena, ikafunguliwa, ikafungwa. Ndoa yangu ikawa inangoja magari kama magunia ya maharagwe. Shangazi alikwenda hata kwa padri wa parokia kuuliza. Padri alimjibu kwamba Kanisa halijui kizuizi cha namna hiyo. Alirudi akasema padri naye ni kijana.

Mume wangu alitii. Asubuhi alikunja blanketi lake, akaenda shuleni na shingo imepinda. Sitasema kwamba alilala kwenye benchi lile kila usiku, kwa maana shangazi alikuwa na usingizi mzito kuliko alivyojua. Lakini mchana tuliishi kama alivyotaka, na iliniuma kumwona mtu anaadhibiwa kwa kumwokoa mama yangu. Yeye na mama, kwa upande wao, walikuwa wanafurahi. Walikula pamoja. Mume wangu alimsomea barua zilizotoka kwao, mama akamsahihisha Kiswahili, akamfundisha hata Kinande kidogo. Aliposema wasingya, asante, kwa lafudhi yake ya Kasai, mama alicheka hadi akashika mbavu. Hakuna kaka yangu aliyewahi kumchekesha hivyo.

Miezi ilipita. Daktari alitaka kumpima mama mara ya mwisho kabla hajapanda kwenda Butembo, tukaenda watatu. Alituonyesha karatasi na kusema damu ni nzuri. Shangazi aliuliza ni kiasi gani cha ile damu ya mkwe kimebaki humo.

"Haiko tena," daktari alijibu. "Damu ya kupewa haikae siku zote. Inaishi miezi kidogo, inakwisha. Yenye iko hapa yote ni ya mama."

Shangazi alifurahi kuliko siku mama alipopona. Njiani alitembea mbele yetu, na nilielewa kwa nini kabla hajasema. Damu imekwisha, basi na undugu umekwisha. Hakuna haja ya wazee wala ya barabara. Mume wangu amerudi kuwa mume wangu. Nilitamani kumbusu shangazi yule, mimi niliyekuwa nimemchukia.

Tulimkuta mume wangu mezani, anatengeneza chakula cha watu wote. Shangazi alimpa habari njema mlangoni, akasema kwamba leo usiku benchi linaweza kupumzika. Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, akamwambia achukue sahani yake akale nje, kwa sababu mama mkwe wake anataka kuketi.

Mume wangu alichukua sahani. Mimi nilimpisha. Niliona kwamba kila mmoja amepata chake, na benchi si jambo dogo. Alikuwa amefika mlangoni mama aliposema, "Mutoto, unaenda wapi?"

"Damu yake ilikwisha," shangazi alimkumbusha. "Daktari amesema. Hapana mutoto yako tena."

Mama aliketi, akapumua, maana mlima wa Bungulu ulikuwa bado unamchosha. Hakumtazama shangazi. Alinitazama mimi.

"Weye ulinyonya kwangu," alisema. "Ile maziwa iko wapi leo?"

Nilikitazama kifua chake.

"Ilikwisha zamani," alisema. "Kitanda yenu ni yenu, mulale. Mais huyu hapana toka."

Shangazi aliangalia mikono yake. Mume wangu alikuwa bado mlangoni, sahani mkononi, hajui atazame wapi, na machozi yalikuwa yanamshuka mbele ya watu. Mama alisogeza kiti kilichokuwa karibu naye, akakipangusa kwa kitenge chake, akamngoja aketi ndipo akaanza kula.